Jibu: Niache DVD ninunue deki ya Blu-ray kwa TV ya inchi 32?

Ndugu, kwa TV ya inchi 32 na kochi lililo mita 3 kutoka kwenye kioo kama ulivyoeleza, bado usinunue. DVD ina mistari 576 ya picha (480 kwa NTSC, mfumo wa TV wa nchi kama Marekani na Japani), Blu-ray ina 1080. Lakini kwenye inchi 32, ukikaa mbali zaidi ya mita 2.4 hivi, jicho zima la kawaida linashindwa kutenganisha hata mistari ile 576. Utalipia usichokiona.

Ukihamia inchi 50 mambo yanageuka. Kwa mita zile zile 3, nywele na maandishi madogo ya DVD yanaonekana kama yamepakwa ukungu, Blu-ray inabaki safi. Faida ya 4K, yaani picha yenye mistari 2160, hapo utaiona tu ukisogea chini ya mita 2.

Siku ukinunua, unganisha kwa HDMI, waya mmoja unaobeba picha na sauti za kidijitali. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanachomeka ule waya wa njano, ambao haupitishi picha kali ya HD kabisa, halafu wanasema hakuna tofauti. Weka diski ya Blu-ray, bonyeza kitufe cha maelezo kwenye rimoti ya TV. Ikiandika 576 au 480, ingia kwenye mipangilio ya deki uchague 1080p.

DVD zako usizitupe, deki ya Blu-ray inazisoma. Deki ya zamani ya DVD ndiyo haiwezi kusoma Blu-ray, kwa sababu leza yake ni nyekundu na diski hizo zinahitaji ya buluu.