Maswali ya Wasomaji: Mtungi wa Pili, au Kufuli Kwanza?

SWALI: Nashona sare za shule ghorofa ya pili, Kariakoo. Tuko watu 17, cherehani 14 za umeme na pasi mbili. Mwenye nyumba anataka niongeze mtungi wa pili wa kuzimia moto. Mlango wa nyuma una geti la nondo, tunalifunga kwa kufuli kwa sababu ya wezi. Mitungi miwili itatosha?
— Fundi, Dar es Salaam

JIBU: Nunua, lakini anza na kufuli. Mtungi wa unga wa kilo 6 huisha kabla ya nusu dakika, na hapo mlichobaki nacho ni mlango. Mwaka 1911 huko New York, moto wa kiwanda cha mashati cha Triangle uliua watu 146; mlango mmoja wa ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa, kwa hofu hiyohiyo ya wizi. Toa kufuli, weka komeo la ndani lisilotaka ufunguo, kisha chomelea kipande cha bati kwenye nondo ili mkono wa mtu wa nje usilifikie. Ufunguo ulio kwenye droo ya msimamizi hauhesabiki. Jioni moja zima taa, mwambie fundi mmoja atoke kwa kupapasa. Akijikwaa kwenye robota, robota hilo lihame.

Sasa pasi, maana hatukuzisahau. Ekstensheni ya ampia 13 hubeba takriban wati 3,000. Pasi mbili za wati 1,600 zimeshapita hapo, bado cherehani. Wengi hutegemea fyuzi, lakini ikizidiwa kidogo haikatiki upesi; waya ndio unaochemka, hasa ukiwa umeviringishwa. Baada ya saa moja ya kupiga pasi, gusa plastiki ya plagi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa ya moto, au matundu ya soketi yamegeuka kahawia, chuma cha ndani kimelegea: kubadilisha plagi peke yake hakusaidii. Fundi umeme avute laini ya pasi peke yake kutoka kwenye meinswichi, na kila pasi iwe na soketi yake ukutani.

Mtungi wa pili usiwe wa unga tena. Unga huua mwali juu ya robota, kaa hubaki ndani, na baada ya dakika chache moto huwaka upya. Kwa vitambaa chukua wa maji wa lita 9, utumike umeme ukishakatwa tu. Wa unga ukae karibu na meinswichi. Yote itundikwe njiani kuelekea mlangoni, mshale wa kipimo cha presha ukiwa kwenye kijani, pasipo nguo mbele yake.

Manyoya ya uzi chini ya mota yafagiliwe kila jioni, na vipande vya vitambaa visilale kwenye ngazi. Zimamoto ni 114. Mkipiga, taja mtaa na ghorofa.