Jiwe la grenda lililoanguka

Kaka wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, umeuliza kama jiwe la grenda ya mezani lililodondoka sakafuni bado linafaa. Lifungue, litundike kidoleni kwa tundu lake likiwa kavu, uligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Likilia kama kengele, afadhali. Likitoa sauti ya chungu kilichopasuka, livunje kabisa, maana ukilitupa zima kuna fundi ataliokota.

Ukilirudisha, kiegemeo (pale unapoegemeza chuma unachosaga) kisipite milimita 3 kutoka kwenye jiwe, na ukiwasha simama pembeni dakika nzima. Alumini usisage hapo, hunata na kuziba uso wa jiwe.

Kuhusu mashine ya kukereza: glavu vua, hata asubuhi za Julai na baridi yetu hii ya Arusha. Chaki (kichwa kinachoshika na kuzungusha chuma) ikidaka kitambaa, inavuta na mkono.