Kuelekeza poti kwenye ruta: anza na anwani ya nje

Anayeanza kuelekeza poti, yaani kumwezesha mtu aliye nje kufikia seva iliyo ndani ya mtandao wake, hukimbilia menyu ya Port Forwarding (ruta nyingine huiita Virtual Server), anajaza visanduku vinne, anahifadhi, halafu seva haifikiki. Anafuta, anaandika upya, anawasha ruta upya, na bado. Mara nyingi kanuni yenyewe haina kasoro. Tatizo liko mbele yake au nyuma yake.

Kwa hiyo kabla ya yote, ingia kwenye ruta usome anwani ya IP iliyo upande wa WAN (unaotazama intaneti), kisha ukiwa kwenye mtandao huohuo fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya nje. Zikilingana, endelea. Zisipolingana, usiguse kitu kwanza. Anwani iliyo kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255 maana yake mtoa huduma amekuweka nyuma ya NAT (utaratibu wa vifaa vingi kutumia anwani moja ya nje) yake mwenyewe pamoja na wateja wengine, na hapo hata uandike nini kwenye ruta yako hakitafaa: omba anwani ya umma, au tumia VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti) ambayo seva yako ndiyo inayoanzisha muunganisho kwenda nje. Ukikuta 192.168, 10, au 172.16 hadi 172.31, huenda kuna ruta nyingine mbele yako, na mara nyingi ni modemu ya mtoa huduma. Igeuze iwe daraja tu (bridge, ipitishe data bila kufanya kazi ya ruta), au uelekeze poti kwenye vifaa vyote viwili.

Ukielewa jedwali la NAT, mengine yatakuja yenyewe. Kompyuta ya ndani inapotuma pakiti nje, ruta huandika ni nani ametuma na kwa poti gani, ili jibu likirudi ijue pa kulipeleka. Pakiti inayokuja kutoka nje bila kuitwa haimo katika jedwali hilo, basi inatupwa. Kuelekeza poti ni kuiambia ruta mapema kwamba kitakachogonga poti fulani kipelekwe kwa fulani.

Huyo "fulani" lazima asihamehame. Kwenye DHCP (sehemu ya ruta inayogawa anwani), funga anwani ya seva, tuseme 192.168.1.50, kwa namba yake ya MAC (kitambulisho cha kadi yake ya mtandao). Usipofanya hivyo, umeme ukikatika na kurudi, anwani hiyo inaweza kuchukuliwa na printa, na kanuni yako itaendelea kupeleka wageni kwa printa.

Kwenye kanuni yenyewe, chagua itifaki (namna ya kusafirisha data) moja inayotakiwa: tovuti hutumia TCP, WireGuard (aina ya VPN) hutumia UDP, kwa kawaida poti 51820. Wanaotumia ruta za MikroTik wawe macho na jambo hili: ukiandika dst-nat (kanuni ya kuelekeza poti) yenye dst-port=443, poti ya tovuti za https, bila kutaja in-interface (mlango wa kuingilia) ya WAN wala dst-address (anwani inayolengwa), ruta itakamata hata trafiki ya watu wa ndani wanaokwenda nje na kuipeleka kwenye seva yako. Ofisi nzima itaona onyo la cheti kila inapofungua tovuti, na lawama zitaanza kwenye kompyuta zao.

Jaribu ukiwa nje kweli, kwa data za simu huku Wi-Fi imezimwa. Ukijaribu ukiwa ndani kwa kutumia anwani ya nje, ruta nyingi haziwezi kurudisha pakiti ndani zilikotoka, nawe utadhani umekosea. WireGuard nayo huwachanganya wengi: hainyanyui sauti kwa asiye na ufunguo sahihi, kwa hiyo tovuti za kupima poti haziwezi kukuthibitishia kuwa iko hewani. Pima kwa kuunganisha VPN yenyewe.

Isipokubali, acha kubahatisha. Kwenye seva ya Linux endesha amri hii inayoonyesha pakiti zinazofika:

tcpdump -ni any tcp port 443

Kisha jaribu kuunganisha kutoka nje. Kama hakuna kinachofika, tatizo liko kwenye ruta au kwa mtoa huduma. Angalia kama kihesabu cha pakiti cha kanuni kinapanda. SYN (pakiti ya kuomba muunganisho) ikifika bila kujibiwa, kagua fayawoli ya seva. Ikijibiwa kwa RST (pakiti ya kukataa), angalia kwa amri ya ss -ltn kama programu inasikiliza kwenye 127.0.0.1 pekee, yaani kwa kompyuta hiyohiyo tu. Na kama seva inajibu lakini jibu halimfikii mteja, kagua njia yake ya kutokea: pengine inatumia ruta nyingine au VPN, hivyo jibu linapita mlango tofauti na lilikoingilia ombi.

Usielekeze poti 3389 ya Windows (Remote Desktop, ya kutawala kompyuta kwa mbali), telnet (kuingia kwa mbali bila usimbaji), wala ukurasa wa kamera. Kuihamisha 3389 kwenda 33890 hakuifichi, maana zipo programu zinazopekua poti zote 65,535. Weka VPN, uelekeze poti yake moja tu. Na UPnP izime, la sivyo kifaa chochote cha ndani kinaweza kujifungulia poti bila wewe kujua.