f(g(x)) kwenye SAT: uliza kwanza kinachoingia

Chukua fankisheni mbili (kanuni zinazopokea namba na kutoa nyingine), f(x) = 3x − 1 na g(x) = x² + 2, kisha mwambie mwanafunzi atafute f(g(2)). Darasani hutoka majibu matatu: 17, 27 na 30. Sahihi ni 17. Aliyepata 27 ameanza na f badala ya g, na aliyepata 30 amezidisha f(2) kwa g(2). Watunga mtihani wanayajua makosa haya na hupenda kuyaweka kwenye machaguo, kwa hiyo kuliona jibu lako pale kwenye skrini si dalili kwamba umepata.

Vijana wa Malindi na Lamu wanaoomba vyuo vya Marekani hufanya SAT, mtihani unaotumiwa kuomba vyuo hivyo, kwenye kompyuta. Sehemu ya hesabu ina maswali 44 kwa dakika 70, yaliyogawanywa moduli (vipande) mbili za maswali 22 na dakika 35 kila moja. Ni kama sekunde 95 kwa swali. Swali la fankisheni ndani ya fankisheni halihitaji hata nusu ya muda huo, mradi ujiulize jambo moja kabla ya kushika kalamu: kinachoingia kwenye fankisheni ya nje ni nini?

Katika f(g(2)) kinachoingia kwenye f ni g(2), wala si 2. Basi anza ndani: g(2) = 4 + 2 = 6. Iandike hiyo 6 kwenye karatasi, usiibebe kichwani. Halafu f(6) = 18 − 1 = 17. Waliozoea IGCSE, mtihani wa sekondari wa mfumo wa Uingereza, huandika fg(x) bila mabano ya ndani, na ni rahisi kuisoma kama kuzidisha. SAT huandika f(g(x)). Mabano hayo yanakwambia nani yuko ndani, basi yafuate.

Kinapoingia kitu chenye herufi badala ya namba, kazi hubaki ileile lakini mikono huteleza. Tuseme f(x) = x² − 3x na unatakiwa uandike f(x − 2). Kabla ya chochote, andika fomula ukiwa umetoa x na kuacha mabano matupu: f( ) = ( )² − 3( ). Sasa jaza x − 2 katika kila mabano:

(x − 2)² − 3(x − 2) = x² − 4x + 4 − 3x + 6 = x² − 7x + 10

Aliyeruka hatua ya mabano matupu huharibu sehemu mbili. Ya kwanza ni (x − 2)², ambayo huigeuza x² − 4 au x² + 4 na kuipoteza −4x ya katikati. Ya pili ni −3 mara −2, ambayo huiandika −6 badala ya +6, akaishia na x² − 7x − 2. Kosa hili la alama ya kutoa hula maksi, na kulikamata ni rahisi: weka x = 3 pande zote mbili. f(3 − 2) ni f(1), yaani −2. Jibu letu linatoa 9 − 21 + 10 = −2, sawa. Lile la makosa linatoa −14. Usihakiki kwa x = 0, kwa sababu sifuri hufuta kila kipande chenye x, na kosa lililojificha humo halitaonekana.

Sasa tuje kwenye aina inayowakwaza hata wanafunzi wazuri. f(x + 3) = 2x² − 5. Tafuta f(5). Mkono unakimbilia kuweka 5 mahali pa x, unapata 45, na 45 ni makosa. Rudi kwenye swali letu. Kinachoingia kwenye f ni x + 3, na wanataka kiwe 5. Basi x + 3 = 5, x = 2, na jibu ni 2(4) − 5 = 3. Wapo pia wanaojumlisha 5 na 3 wakaweka 8, wakapata 123. Wote wawili wameiona x wakasahau kwamba x yenyewe haiingii f ikiwa peke yake. Ukitakiwa fomula kamili ya f, ipe x + 3 jina jipya, tuseme u. Basi x = u − 3, na f(u) = 2(u − 3)² − 5. Hakiki kwa u = 5: 2(4) − 5 = 3.

Maswali ya jedwali ni mepesi ukienda mbele na ni mtego ukirudi nyuma. Tuseme f(1) = 4, f(2) = 3, f(3) = 1, f(4) = 2, na g(1) = 2, g(2) = 4, g(3) = 3, g(4) = 1. Kwenda mbele: f(g(2)) = f(4) = 2. Kurudi nyuma: x ni ngapi ikiwa f(g(x)) = 3? Safari hii unaanzia nje. f inatoa 3 inapopokea 2, kwa hiyo g(x) = 2. g inatoa 2 inapopokea 1, kwa hiyo x = 1. Wengi hukomea kwenye ile 2 ya katikati, wakaibofya, wakaendelea na swali jingine.

Kigeu kisichojulikana kikiwa ndani ya fomula, huenda ukapata majibu mawili. f(x) = kx + 2 na f(f(1)) = 10. f(1) = k + 2, na hiyo ndiyo inayoingia tena: k(k + 2) + 2 = 10, yaani k² + 2k − 8 = 0, kwa hiyo k = 2 au k = −4. Yote mawili yanakubali ukiyajaribu. Kinachochagua ni maneno madogo ndani ya swali, kwa mfano “k ni chanya”, na maneno hayo watu huyaruka kwa haraka.

Upande wa thamani za x zinazokubalika SAT haiendi mbali. Inatosha kukumbuka kwamba ukirahisisha, masharti ya ndani hayafutiki. f(x) = x² na g(x) = √(x − 5) hutoa f(g(x)) = x − 5, lakini x bado lazima iwe 5 au zaidi.

Maswali ya maneno ndiyo yanayoonyesha kwa nini mpangilio una maana. Boti inayotoka Lamu kwenda Kiwayu, tuseme, hutumia petroli L(d) = 0.6d + 4, lita kwa kilomita d, na gharama ni B(L) = 200L, kwa shilingi. Basi B(L(d)) = 120d + 800. Mtihani huuliza: 120 ni nini? Ni shilingi kwa kila kilomita. Na 800 ni bei ya zile lita 4 ambazo haziongezeki kwa umbali. Kwa kilomita 50: lita 34, shilingi 6,800. Ukijaribu kugeuza, L(B(…)), utaona B inatoa shilingi ilhali L inangoja kilomita. Vipimo vikikataana, umepanga kinyume.

Ndani ya mtihani kuna kikokotoo cha Desmos, na kwa maswali haya ni msaada mkubwa. Andika f(x)=3x-1 mstari wa kwanza, g(x)=x^2+2 wa pili, f(g(2)) wa tatu: 17 inatokea yenyewe. Ukitafuta x inayofanya f(g(x)) iwe 50, andika y=f(g(x)) na y=50, kisha bofya grafu zinapokutana. Hapa zitakutana mara mbili, −√15 na √15, zikionyeshwa kwa desimali, kwa hiyo sogeza skrini uone pande zote. Kwa swali la k, andika x badala ya k: x(x+2)+2=10, mistari miwili iliyosimama itatokea kwenye −4 na 2. Lakini f(x+3)=2x^2-5 Desmos haitaichukua kama fomula ya f. Hiyo lazima uifungue kwa mkono kwanza, kwa u, ndipo uiandike.

Programu ya Desmos ya simu hufanya kazi bila mtandao, kwa hiyo ipakue ukiwa na bando, kisha fanyia mazoezi popote.