Printa ya PLA, otoklevu na kigasha kilichounga kombo

SWALI: Niko Bukavu, najifunza upasuaji. Tuna motari aliyevunjika mifupa yote miwili ya kigasha mwaka jana, fundi wa mifupa akamfunga vijiti. Imeunga, ila kombo. Hawezi kugeuza kiganja chini ashike usukani wa pikipiki. Rafiki yangu ana printa ya 3D inayotumia plastiki ya PLA. Naweza kupanga upasuaji kwenye kompyuta, nichapishe kifaa cha kuongoza msumeno, kisha nikipitishe kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke?

JIBU: Daktari, nianze na otoklevu, maana ndiyo itakayokuangusha. PLA huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Otoklevu inapika kwa 121 au 134. Utaingiza kiongozi (ndicho hicho kifaa chako cha kuongoza msumeno), utatoa mshumaa uliosahauliwa juani. Kikijikunja kidogo tu ni hatari zaidi, kwa sababu macho hayataona na utakitumia. Viongozi vya kuingia kwenye kidonda huchapishwa kwa nailoni au resini maalumu zinazostahimili joto hilo.

Hata hivyo printa ya rafiki yako usiidharau. Chapisha mfupa uliopinda, na pembeni yake ule wa mkono mzima uliogeuzwa kama kwenye kioo. Pindia chuma chako cha kufungia mfupa juu ya huo mzima, mezani, jioni, bila haraka. Kesho yake chuma ndicho kinachoingia otoklevu. Plastiki inabaki nje ya eneo safi. (Umeme ukikatika saa ya tano ya kuchapisha, utaanza upya. Huku Lubumbashi nimeshaanza upya mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.)

Kazi yenyewe iko kwenye mpango. Piga skana (CT) mikono yote miwili, kuanzia kiwiko hadi kifundo, vipande vya milimita 1 au chini. Omba CD yenye faili za DICOM, yaani picha za skana zinazosomwa na kompyuta; ile filamu anayopewa mgonjwa haitakusaidia. Programu ya 3D Slicer, inayogeuza picha hizo kuwa mfupa wa 3D, ni ya bure na inatosha kujifunzia, ingawa haikuidhinishwa kwa tiba, kwa hiyo kila kipimo kihakiki kwenye radio (picha ya eksirei). Usitazame mpindo peke yake. Mfupa uliounga huku umejizungusha huonekana karibu umenyooka kwenye radio, na ndio unaomnyima motari wako kugeuza kiganja. Kumbuka pia msumeno unakula mfupa kwa unene wa meno yake; uingize unene huo kwenye hesabu.

Kiongozi chenyewe ni ujanja mzuri. Kinakaa juu ya mfupa ungali umepinda, unatoboa kupitia kwake matundu ya skurubu, ndipo unakata. Ukishakata, unafunga chuma kwenye matundu yaleyale, na mfupa unalazimika kunyooka kufuata chuma. Kama kompyuta ilipanga vizuri, hubahatishi.

Ila kinategemea kukaa mahali pamoja tu. Cha kwanza nilichotumia kilicheza kama kofia ya mtu mwingine. Kosa lilikuwa langu: nilikichora juu ya mfupa ambao skana iliuonyesha mtupu, nikasahau kovu na ngozi ya mfupa vilivyoufunika. Nililazimika kukiweka kando na kumaliza kwa waya na fluoroskopi (eksirei ya moja kwa moja wakati wa upasuaji), njia ya zamani. Siku hizi nakichora kishike ukingo au kinundu cha mfupa, maana kwenye sehemu laini ya mviringo kinateleza. Naandika juu yake upande wa mkono na upande wa kiwiko, na huo mfupa ninausafisha kabisa pale tu kitakapokaa. Kuuvua ngozi yake yote ni kuunyima damu, na mfupa usio na damu hauungi.

Kwa kigasha kilichovunjika jana, sahau haya yote. Nyoosha, funga chuma. Kwa motari wako, pima kwanza kama anageuza kiganja zaidi ukimsaidia kwa mkono wako. Akigeuza, mfupa siyo kizuizi chake pekee, na mtaalamu wa mazoezi amwone kabla hujawasha printa.