Damu, ganzi na mguu wangu wa kushoto

Mwanangu,

Unauliza: kama ganzi na moto wa miguu yangu ni mambo ya mishipa ya fahamu, mbona daktari ananipa dawa za mishipa ya damu? Hata mimi nilimuuliza hivyo hivyo.

Unaikumbuka nyumba ya bibi yako kule juu Igogo? Bomba likiziba kutu, wa mabondeni wanaendelea kukinga ndoo, wa mlimani wanasikia upepo tu. Miguu yangu iko mbali na pampu, ambayo ni moyo, na mishipa inayoipelekea damu imejaa mafuta yaliyoganda. Sasa mshipa wa fahamu nao ni kitu hai, unalishwa na vijishipa vyembamba vya damu. Ukikosa chakula unalalamika: moto, sindano sindano, mwishowe unanyamaza. Ndiyo maana usiku nikiuning'iniza mguu nje ya kitanda napata nafuu. Damu inashuka kidogo.

Huko kunyamaza ndiko kunakonitisha. Juzi nimetoka mwaloni Kirumba, mama yako akaona damu sakafuni. Mwiba wa samaki gogogo ulikuwa umetoboa kandambili ukazama kisiginoni, nami nimetembea nao njia nzima sina habari.

Dalili zilianza zamani. Nikipanda mlima shavu la mguu linabana, nikisimama dakika chache linaachia. Nikaambiwa uzee, nikachomwa sindano za vitamini miaka 2, na hakuna aliyenivua hata soksi. Daktari huyu wa sasa alinipima presha mkononi, halafu kwenye kifundo cha mguu, akagawanya ya mguu kwa ya mkono. Mwenye afya anapata 1 au zaidi kidogo. Chini ya 0.9 damu haifiki vizuri. Mguu wangu wa kushoto una 0.6.

Sigara nimeacha, baada ya miaka 30 ya kuvuta nikisubiri mitumbwi alfajiri, na sukari nayo ikaja juu yake. Nameza aspirini na dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu. Natembea mpaka mguu ubane, napumzika, naendelea, dakika 30, mara 3 kwa wiki. Mama yako ananikagua nyayo kila jioni, na maji ya moto ya kukanda tumeyaacha, maana yangeniunguza nisijue. Daktari hakunificha: fahamu iliyokufa huenda isirudi, tunalinda iliyobaki.

Kaka yako ananiambia shavu la mguu linambana akipanda ngazi za kazini, na bado anavuta. Mimi hanisikii. Mpigie wewe leo, aende apimwe presha ya mguuni.

Baba yako