Kioo cha simu ya 2022 na kanuni mpya ya Ulaya

Umeuliza kama kampuni inalazimika kukuuzia kioo cha simu uliyonunua Ujerumani 2022. Kwa kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya kuhusu vipuri vya simu, hapana. Inabana simu zilizoingizwa sokoni Umoja wa Ulaya kuanzia 20 Juni 2025. Kwa hizo, vipuri vipatikane hadi miaka 7 baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni, na ukiagiza vitumwe ndani ya siku 5 za kazi (miaka 2 ya mwisho, siku 10).

Mwanya uko kwenye betri. Kampuni inaruhusiwa kuwauzia betri mafundi tu, si mtumiaji wa kawaida, iwapo betri inabaki na asilimia 83 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya chaji na asilimia 80 baada ya 1,000, tena simu haipitishi vumbi na inahimili maji ya kina cha mita 1 kwa nusu saa. Simu za bei kali zitajificha hapo, utaona.

Ikishindikana kutengenezeka, usiitupe kwenye pipa. Huko Ujerumani, duka lenye eneo la vifaa vya umeme la mita za mraba 400 au zaidi lazima liipokee bure, hata usiponunua kitu, mradi haizidi sentimita 25. Futa data, toa laini. Betri ikiwa imevimba, waambie kabla ya kuwakabidhi.